Siku Nilipotangaza Kopa

Binti yangu amepakua mchezo wa karata kwenye simu yangu, na tangu hapo simu si yangu tena. Juzi kaja kunionyesha ile nyekundu. "Baba, hii ulisema inaitwa kopa. Kopa si kukopa? Mbona wamechora moyo?" Nikamwambia hapo zamani kilichorwa kikombe. Akanitazama, akaitazama simu, akaenda zake. Hakuona haja ya kuuliza tena.

Mimi nikabaki na yule mzee wa kitanda cha dirishani.

Nililazwa hospitali kwa ajili ya mguu wangu, na hii ni awamu ya pili, baada ya vyuma kutolewa. Wodi ya watu watano, ugenini, hogo kutoka pajani hadi kwenye vidole, na lugha ya wodi ni Kiingereza cha kuokoteza, kila mtu na kipande chake. Kulia kwangu Mwirani wa nyonga. Mbele yangu Mturuki aliyevishwa kola ya shingo, na pembeni yake kijana wa Kichina mwenye kifundo kilichovunjika. Mzee wa dirishani hatukujua ametoka wapi. Na manesi alielewana kwa kunyoosha kidole. Mchana alitazama nje, usiku alikohoa, na sisi tulikwisha kumhesabu kuwa sehemu ya dirisha.

Karata zilikuwa za Mwirani, kwa hiyo na mchezo ukawa wake: hokm. Watu wanne, wawili kwa wawili. Mmoja ndiye hakem. Anapewa karata tano za kwanza, anazichungulia, na kwa hizo tano tu anatangaza turufu, aina ya karata itakayozishinda zote, kabla hajaona nyingine. Turufu yenyewe nayo wanaiita hokm. Hapo sikuhitaji mkalimani, hakimu katoa hukumu. Upande unaotangulia kula mara 7 kati ya 13 umeshinda.

Vita vyetu vya kwanza vilikuwa juu ya ile nyeusi ya vijani vitatu. Mwirani aliiita geshniz, yaani giligilani, na ukiliangalia vizuri jani la giligilani huwezi kumlaumu. Mturuki akasema hapana, ni sinek, nzi, akatuonyesha mabawa mawili na kichwa. Kijana wa Kichina aliona ua la mplamu. Wakanigeukia mimi. Nikasema pau, nikaonyesha dari, maana pau ninazozijua ni zile za kuezekea nyumba. Wote wakaitazama dari. Tukakubaliana yaishe, turufu itangazwe kwa Kiingereza.

Ikafika zamu yangu ya kuwa hakem. Mturuki anagawa, mimi naokota moja moja kwenye trei ya chakula iliyowekwa juu ya hogo. Ree ya kopa, ile ya moja. Garasa. Ya kumi ya kopa. Garasa nyingine. Ya tano ikachelewa kidogo kwa sababu iliteleza kwenye shuka, nikaifukua, ni mzungu wa nne wa kopa, yaani mfalme. Mtu hulamba dume namna hiyo mara chache sana, na siku yenyewe ikija haji akiwa anafikiri kwa Kiingereza. Nikaigonga trei nikasema, "Kopa!"

Mkono wa Mturuki ukasimama hewani na karata yake. "Kupa?"

"Kopa," nikasema.

"Kupa!" Akaitupa karata, akakamata kikombe chake cha plastiki kando ya kitanda, akakiinua juu. "Kupa! Kupa!" Mwirani, ambaye hakuelewa lolote, akamsogezea jagi la maji.

Ndipo sauti ikatoka dirishani, nzito, yenye kutu ya mtu ambaye hajaongea siku nyingi.

"Copas."

Tukageuka. Mturuki kwa kola yake ilimbidi ageuke kiwiliwili kizima. Mzee alikuwa ameketi, miguu imening'inia. Aliinua mkono uliokuwa na sindano ya dripu, plasta nyeupe juu ya mishipa iliyovimba, akatoa kidole gumba. "Copas." Akaongeza cha shahada. "Ouros." Akausugua kwenye gumba, ile alama ya pesa ambayo kila mtu duniani anaijua. Cha kati. "Espadas," na mkono wote ukachoma hewa mbele yake, mpira wa dripu ukayumba. Halafu akakunja ngumi, akakipiga chuma cha kitanda mpaka kikalia. "Paus!"

Kikombe, dhahabu, upanga, gongo. Nikamrudishia kwa mpangilio uleule, kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa: kopa, uru, shupaza, pau. Mzee akafungua mdomo, akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamleta nesi, na nesi akatulaza wote. Mkono wangu mzuri ukafia pale.

Lakini tayari wodi ilikuwa imewaka. Gizani tuliendelea kurushiana majina. Kumbe kopa kwa Mchina ni pichi nyekundu na shupaza ni pichi nyeusi. Kumbe uru kwa Mwirani ni tofali. Mzee hakuongeza neno. Alikuwa amesema yake manne.

Kijana wa Kichina aliporuhusiwa kwenda nyumbani, mzee akaburuza kiti chake hadi kwenye duara letu. Hokm hakuitaka. Akachukua karata, akaanza kuzichambua, nane zote nje, tisa nje, kumi nje, zikabaki 40. Kisha akatufundisha kwa vidole mchezo wa kwao, sueca. Ree ina 11. Ya saba ina 10, inawapiga wafalme wote. Mwirani akashika kichwa, lakini mimi niliyekulia kwenye seti, kama tunavyoiita ya saba, sikushangaa. Ghulamu 3, bibi 2, na hapo Mturuki akagoma kwa niaba ya bibi, kwamba malkia hawezi kuwa chini ya kijakazi wa kiume. Mzee akamtazama kwa huruma akaendelea. Alipofika kwa mfalme akaonyesha vidole vinne.

Mzungu wa nne! Tangu utotoni nimemwita hivyo na sijawahi kujiuliza wazungu watatu wa kwanza wako wapi. Niliamini palepale kwamba jina ni zile alama nne, na mwenye maelezo mengine namkaribisha, ila asitegemee kunishinda.

Nilipotoka hospitali nikasoma kidogo. Kule Istanbul, katika jumba la Topkapı, kuna karata za kale za Wamamluki, watawala wa Misri wa zamani, ambazo mtaalamu Leo Mayer alizitangaza mwaka 1939. Humo mna vikombe, sarafu, panga na fimbo za polo. Zilipofika Ulaya miaka ya 1370, watu hawakuujua mchezo wa polo, fimbo zikawa magongo. Wahispania na Waitaliano wanachora vikombe na panga hadi leo. Wafaransa ndio walioleta mioyo na vijani kwenye miaka ya 1480, picha nyepesi za rangi mbili, rahisi kupiga chapa. Wareno wakaja kuzikubali picha za Kifaransa ila majina yao ya zamani, yaleyale manne ya mzee, hawakuyaacha. Waingereza nao wanaliita lile ua rungu mpaka kesho, na hawaoni tatizo. Kwa Waarabu mambo yamevurugika zaidi: bastoni, gongo la Kitaliano, limehamia kwenye ile nyeusi yenye ncha, na sbati, ambayo asili yake ni upanga, imekalia ua. Waholanzi waliitazama ileile yenye ncha wakaona chepe.

Merikebu za Wareno zikasambaza. Sisi tukapata karata, Wajapani wakapata karuta, neno moja. Kwa hiyo tunatangaza kikombe huku tumeshika moyo, miaka nenda miaka rudi, na mchezo unakwenda. Sijui nimwambieje binti yangu kwamba jibu lenyewe ndilo hilo. Wengine wameita wanachokiona, nzi, tofali, pichi, na mimi nawaonea wivu kidogo, kwa sababu wao mtoto akiuliza wanamwonyesha tu.

Na mzee? Nilicheza naye upande mmoja hadi alipohamishiwa wodi nyingine. Kwa maneno manne hayo tuliweza kufanya kila kitu, hata kuibia. Akikuna sikio, ana seti ya turufu. Nilikuwa na mambo ya kumuuliza, kwa nini hakuna aliyekuja kumtazama, alifanya kazi gani, lakini sikuwa na lugha ya kuyaulizia, naye hakuwa na shauku ya kuulizwa. Pengine tungekuwa na maneno zaidi tungechokana.

Mchezo wetu wa mwisho haujaisha mpaka leo. Alama zote ni 120, anayefikisha 61 ndiye mshindi. Mzee alihesabu mafungu yetu akapata 61. Mturuki akayanyakua, akahesabu kwa sauti kwa Kituruki, akapata 60, sare. Fungu la pili, ambalo lingemaliza ubishi, lilikuwa mkononi mwa nesi, ameshalichanganya na zile nane na tisa na kumi akizirudisha kwenye boksi. Kila mwaka mpya Mturuki hunitumia ujumbe. Salamu, watoto, afya, halafu mwishoni anaandika 60.

Namjibu salamu zote, na watoto, na afya. Halafu naandika 61.