Wanaokaza na wanaopunguza mawazo hawagombani bure

Kwenye magemu ya mtandaoni, matusi yakianza kwenye lobi (chumba cha kusubiria mechi), watu hulaumu tabia. Wanaokaza, yaani wanaocheza ili washinde, huitwa wapenda sifa; wanaokuja kupunguza mawazo tu huitwa mizigo. Tabia mbaya zipo, sikatai. Lakini chunguza mechi zinazoishia kwa mtu kutukanwa au kutoka katikati, utakuta mara nyingi kosa lilifanyika kabla hata ramani haijafunguka. Mfumo wa kupanga mechi uliwaweka chumba kimoja watu wenye haja mbili tofauti, na haukumwambia yeyote. Mmoja anahesabu alama. Mwenzake amebakiza dakika 20 arudi kazini.

Hesabu za mifumo hii zina asili ya zamani. Arpad Elo alitengeneza alama zake kwa ajili ya sataranji, na FIDE, shirikisho la sataranji duniani, ikazipokea mwaka 1970. Ukimzidi mpinzani kwa alama 200, unatarajiwa kuvuna kama asilimia 76 ya pointi. Ukimzidi kwa 400, asilimia 91. Microsoft walipotengeneza TrueSkill, mfumo wao wa kupima wachezaji, kwa ajili ya Xbox Live, huduma yao ya magemu mtandaoni, walimpa kila mchezaji namba mbili: kiwango chake, na shaka ambayo mfumo unayo juu ya kiwango hicho. Mgeni anaanza na kiwango 25 na shaka 8.33, na kinachoonyeshwa ni kiwango ukitoa shaka mara tatu, yaani sifuri. Shaka ikiwa kubwa, alama zinaruka kila mechi. Ikipungua zinasogea kidogokidogo, ndiyo maana akaunti mpya hupaa wakati ya miaka mitatu haibanduki hata ukishinda mara tano mfululizo.

Kwa mtu mmoja hesabu hii inafanya kazi vizuri. Inavurugika mkiingia na marafiki.

Chukua watatu: mmoja ana alama 1,800, wa pili 1,000, wa tatu 800. Wastani wao ni 1,200. Mfumo unaotazama wastani peke yake utawaletea wapinzani wa 1,200. Kwa kanuni ya Elo, yule wa 1,800 akikutana na mmoja wao uso kwa uso anatarajiwa kushinda mara 97 kati ya 100, na yule wa 800 mara 9 tu. Wastani ni wa haki kabisa, ila hakuna hata mmoja kati ya wale wapinzani aliyepata mechi ya saizi yake. Wengine wanachinjwa na fundi, wengine wanamchinja mgeni, na huyo mgeni ndiye anayeambiwa kwenye maiki kwamba ameharibu mchezo. Ndiyo sababu magemu mengi huweka mipaka ya kuingia kwa kundi kwenye mechi za ranki, zile zinazokupandisha au kukushusha cheo. VALORANT, gemu la risasi la watano kwa watano, hairuhusu kundi la watu wanne kwenye mechi zake za ranki: mnaingia mmoja, wawili, watatu au watano. Wanne wakiingia, wa tano anabaki peke yake na hana sauti. Wakiamua kumtoa kafara au kumtukana, hana pa kushika. League of Legends, gemu jingine la timu za watu watano, nayo imezuia wanne kwenye foleni (mstari wa kusubiri mechi) yake ya makundi ya ranki.

Jambo ambalo wanaopunguza mawazo wengi hawalijui: foleni isiyo ya ranki nayo ina alama, ila zimefichwa. Magemu ya timu kama Dota 2, League of Legends na Overwatch yote yanapima uwezo wako hata kwenye mechi za kawaida. Kwa hiyo mtu anaingia akiamini humu hakuna anayepima, anashinda mechi kadhaa, kisha anashangaa wapinzani wamekuwa wakali. Anakasirika na ana haki. Kosa si kupimwa, ni kufichwa kwamba anapimwa.

Kelele kubwa kuliko zote zimekuwa kwenye Call of Duty, gemu la vita la kampuni ya Activision. Mafundi walilalamika miaka mingi kwamba kila mechi imekuwa fainali, hawapati nafasi ya kulegea. Mwaka 2024 Activision ilichapisha matokeo ya jaribio lililofanywa ndani ya toleo la Modern Warfare III huko Amerika Kaskazini: kwa sehemu ya wachezaji, bila kuwaambia, walipunguza uzito wa uwezo katika kupanga mechi. Ndani ya wiki mbili, asilimia 90 ya wachezaji walirudi kucheza kwa uchache kuliko kawaida. Waliorudi zaidi walikuwa asilimia 10 ya juu. Haishangazi: fundi analegea pale anapopata wa kumpiga, na wa kupigwa hana sababu ya kurudi kesho. Akiondoka, aliyekuwa juu yake kidogo ndiye anakuwa wa mwisho, na zamu inamfikia yeye. Hata hivyo mwaka 2025, kwa toleo la Black Ops 7, wakatangaza kwamba upangaji wa kawaida utajali uwezo kwa kiasi kidogo sana. Kwa maoni yangu, jibu zuri lilikuwa kuweka foleni mbili na kuziandika majina yake wazi, mtu achague mwenyewe.

Halafu kuna mamluki: fundi anayefungua akaunti mpya ili akawaonee wa chini. Kampuni huweka geti. Dota 2 inataka saa 100 za kucheza kabla ya ranki, League of Legends inataka ufike daraja la 30, VALORANT daraja la 20. Septemba 2023 Valve, kampuni yenye Dota 2, ilitangaza kufungia akaunti 90,000 za mamluki wa Dota 2. Mageti yanasaidia ranki, sawa. Lakini mamluki anazipatia wapi saa zake 100? Kwenye mechi za kawaida, kwa wale wale waliokuja kupumzika. Geti limelinda sebule ya wanaokaza kwa kumfungia mwizi jikoni kwa wengine. Dawa inayofaa zaidi ni ile ya shaka kubwa: akaunti mpya ikishinda kwa tofauti kubwa, irushwe juu haraka ndani ya mechi chache, isisubiri zifike 50.

Overwatch inaonyesha kwamba kila suluhisho lina bei yake. Zamani timu ya watu sita ingeweza kujaa washambuliaji wanne, kwa sababu kushambulia ndiko kunakofurahisha wengi, na aliyetaka kushinda akalazimika kuwa daktari kila mechi. Mwaka 2019 wenye gemu wakafunga nafasi: walinzi wawili, washambuliaji wawili, waganga wawili. Ugomvi wa kugombea nafasi ukapungua, foleni ya washambuliaji ikarefuka. Mwaka 2022 Overwatch 2 ikaondoa mlinzi mmoja, timu ikabaki watu watano.

Sisi wa Afrika Mashariki tuna tatizo la ziada, nalo ni umbali wetu na seva, yaani kompyuta zinazoendesha mechi. Mwanga ndani ya nyuzi za mkongo husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Dar es Salaam hadi Frankfurt, Ujerumani, kwa anayecheza seva ya Ulaya, ni karibu kilomita 7,000 kwa mstari ulionyooka, hivyo kwenda na kurudi hakuwezi kuwa chini ya milisekunde 70 hata mtandao ungekuwa wa malaika. Kwa kuwa mkongo unazunguka baharini na kupita vituo, pingi halisi, yaani muda wa taarifa kwenda kwenye seva na kurudi, ni kubwa zaidi. Johannesburg iko kama kilomita 2,500, kikomo chake ni milisekunde 25. Kwa hiyo seva ya kusini inavutia, lakini ina watu wachache kuliko ya Ulaya, na watu wakiwa wachache mfumo hulegeza masharti ili foleni isikae dakika 10: kwanza unapanua tofauti ya alama, kisha pingi. Hapo ndipo fundi na mgeni hukutanishwa. Ukitaka mechi za saizi yako, ingia wakati wenyeji wa seva wamejaa. Saa 4 usiku Dar ni saa 3 usiku Johannesburg na saa 5 usiku Dubai, na seva za huko zote bado zina watu. Saa 9 usiku utapata yeyote aliyebaki macho, na waliobaki macho saa hizo wengi wanakaza.

Kabla ya kubonyeza ranki, pima pia muda na bando. Mechi ya Dota 2 huchukua kama dakika 35 hadi 45, na ukikatika kwa dakika 5 mfumo unakuhesabu mtoro. Haujali kama ni umeme au bando limekata, na wenzako wanne hawajali pia. Kama huna uhakika na saa nzima, cheza mechi ya kawaida. Huo si unyonge.

Kwenye makundi ya mtaani, yenye watu 15 au 20 ndani ya WhatsApp, ugomvi hupungua sana kwa ujumbe mmoja unaotaja mambo matatu kabla ya lobi kufunguliwa: ranki au si ranki, mechi ngapi, maiki lazima au hiari. "Ranki, tatu, maiki lazima." Asiyetaka haingii, na aliyeingia hana kisingizio. Usichanganye viwango kwenye ranki ukidhani mafundi watawabeba wengine. Mfano wa wastani hapo juu umeonyesha nani anaumia.

Kwa siku za kuchanganyika, tumieni chumba binafsi, mkijua kwamba PUBG Mobile, gemu la risasi la kwenye simu, inadai kadi maalumu ya kufungulia chumba hicho. Makapteni wawe mafundi wawili wanaolingana, wachague kwa zamu ya nyoka: wa kwanza anachukua mmoja, wa pili anachukua wawili, wa kwanza wawili, hivyo hivyo hadi waishe. Mkichagua mmoja mmoja, aliyeanza hubaki na faida kila mzunguko. Kama timu moja bado inazidi, iondoleeni bunduki za masafa marefu kabla ya kuanza kuhamisha watu, kwa sababu mtu akihamishwa katikati ya usiku anajua amehamishwa kwa sababu gani. Na aliyekwisha kufa azime maiki yake. Anayetazama anaona adui ambaye aliye uwanjani hamuoni, na maelekezo yake yakichelewa nusu sekunde yanamvuruga mchezaji kuliko kumsaidia.