Bima nalipa, na bili imekuja

Jana bima wameniletea barua: nilipe euro 385. Kila mwezi wananikata zaidi ya 150, nimeanguka na baiskeli mara moja tu, halafu nidaiwe tena? Ndiyo Uholanzi. Kila mwaka mtu mzima anajilipia mwenyewe 385 za mwanzo za matibabu ya hospitali. Wanaiita eigen risico, na yangu imeisha yote kwa jioni moja.

Gari lilikata kona ya kulia mbele yangu hapa Rotterdam, nikaenda chini na mbavu. Dereva, mama wa makamo, alishuka anatetemeka, akanipa namba zake zote kabla sijasimama vizuri. Hospitali hakuna aliyeniuliza PF3, ile fomu ya polisi. Nesi alikaa na kibano, akaniondoa changarawe kiganjani chembe moja moja, kila nikishtuka ananiomba radhi utadhani yeye ndiye aliyenigonga. Hilo sitalisahau, bili au bila bili. Kisha eksirei ya mkono: hakuna kilichovunjika, kapumzike, meza paracetamol. Mbavu hata hawakuzifunga, maana ukizifunga unapumua juu juu na kifua kinaweza kuingia nimonia. Unavuta pumzi ndefu, unavumilia wiki kadhaa, unawakimbia watu wenye utani. Mama yangu kwenye simu hakuamini. "Hata sindano moja? Na mnasema huko kuna madaktari!"

Mnaojiandaa kuja, shikeni hili. Kama hali si mbaya sana, usikimbilie hospitali. Mpigie huisarts, daktari wako wa mtaa, au usiku na wikendi huisartsenpost. Kumwona huyo hakugusi ile 385. Vipimo akikuandikia ndivyo vinavyoigusa.

Na ukigongwa na gari ukiwa kwenye baiskeli, sheria imekuegemea. Mwenye gari anawajibika mpaka athibitishe kwamba ajali ilikuwa nje ya uwezo wake. Bima yake ndiyo ya kudai, pamoja na hiyo 385. Nimeyajua kwa Mturuki mmoja wa kazini. Bima yangu walikuwa wepesi wa kutuma bili, hili hawakuligusia.

Nimewaandikia bima ya yule mama dereva. Wamejibu kwa adabu, ila wanataka risiti ya koti lililochanika. Koti la mtumba, risiti nitaitoa wapi? Nimewatumia picha ya kiwiko kilichotoboka na kuandika euro 40. Wakitaka kubishana wasubiri mbavu zipone.