Fiorini na kalibu za Stradivari

Fidla za Cremona, mji wa Italia, zikitajwa, kila mtu hukimbilia Stradivari, fundi wake mashuhuri wa kale. Mimi humtaja kwanza Giuseppe Fiorini, aliyezaliwa Bazzano, karibu na Bologna, mwaka 1861. Baba yake, Raffaele, naye alikuwa fundi wa fidla. Mwana akahamia Munich, akajenga jina. Mwaka 1920 akatoa lira 100,000 kununua kalibu (maumbo ya ubao ya kuundia fidla), michoro na zana za karakana ya Stradivari, zilizowahi kukusanywa na kabaila mmoja, Cozio di Salabue, katika karne ya 18.

Lira zote hizo kwa vibao vilivyochakaa? Natengeneza fidla za taarab hapa Unguja, na nasema alifanya vyema. Mbavu za fidla, yaani kuta zake za pembeni, ni mbao nyembamba, unene wa milimita moja hivi. Unazilowesha kidogo, unazikunja kwenye chuma cha moto polepole, mpaka usikie mbao imelegea chini ya vidole, ukiilazimisha, inapasuka. Mafundi wengi wa zama za Fiorini walifuata desturi ya Kifaransa: mbavu zinabanwa ndani ya kalibu ya nje, na kila fidla inafanana na mwenziwe. Stradivari aliiweka kalibu ndani, mbavu zikaizunguka, hivyo kona na ukingo vikabaki kwenye uamuzi wa fundi. Tazama kona za fidla ya namna hiyo, hakuna mbili zinazolingana kabisa. Napenda sana jambo hilo. Fiorini aliishika njia hiyo na kuifundisha. Ansaldo Poggi alikuwa mmoja wa wanafunzi wake.

Alichokitamani zaidi ni shule, vijana wa Italia wajifunze wakiwa na vitu vyenyewe mbele yao. Mwaka 1930, macho yakiwa yamemfifia, akaipa Cremona hazina yote bure. Akafariki mwaka 1934. Shule ilifunguliwa Cremona mwaka 1938, naye hakuiona. Leo kalibu za Stradivari zimo katika Museo del Violino, jumba la makumbusho ya fidla huko Cremona, na michoro yake imewafikia hata mafundi wa mbali kama sisi.

Mimi nimechonga kalibu ya ndani kwa ubao wa mninga, kwa kufuata ile ya Stradivari yenye herufi G. Mwanafunzi wangu ameanza kukunja mbavu zake. Fundi yeyote wa Unguja, Pemba au Mombasa anayetaka kuinakili, aje na penseli na ubao wake. Sitozi kitu.