Fremu ya mtumba kwa vifaa vya zamani

Una ringi za inchi 26, breki za raba na foku ya zamani, ila fremu imepasuka? Kabla hujaenda kuchagua fremu ya mtumba Mtwara mjini au Masasi, beba venia, kile kipimo cha milimita.

Anza nyuma. Habu (kitovu cha gurudumu) nyingi za zamani za baiskeli za milimani zina upana wa milimita 135, na ekseli yake huingia kwenye mwanya ulio wazi. Fremu mpya huwa na tundu la ekseli nene, milimita 142 au 148: achana nayo. Fremu ya chuma yenye nafasi ya nyuma ya milimita 130 fundi anaweza kuipanua hadi 135. Ya alumini usithubutu, itapasuka.

Kisha tazama vishikizo vya breki za raba. Fremu nyingi za breki za diski hazina, na kuchomelea kwenye alumini ni kutafuta balaa.

Pima pia bomba la mbele lilingane na shingo ya foku yako: shingo ya milimita 28.6 ndiyo ya kawaida, lakini za zamani zaidi ni 25.4. Nyumba ya ekseli ya pedeli iwe na nyuzi, upana 68 au 73. Kikombe cha upande wa cheni hufunguliwa kwa kuzungusha kisaa, na wengi huharibu nyuzi hapo.

Huku pwani chumvi hugandisha bomba la siti ndani ya fremu. Lisipotoka mbele ya muuzaji, usinunue.