Makopo sita ya rangi yalivyonirudishia usingizi

Baada ya ajali ya lori nililokuwa naendesha mlima Kitonga, kule Iringa, nilikaa karibu mwaka mzima bila usingizi wa maana. Nikifumba macho tu nausikia upepo ukiisha kwenye breki. Utingo wangu alifia pale. Mimi nilivunjika mbavu mbili tu. Mtu akiniuliza ilikuwaje, nafungua mdomo, hakitoki kitu.

Ushauri niliopewa bado unaniuma. Shemeji yangu: "Shemeji, piga viwili vitatu ulale." Nililala kweli, saa nane usiku nikaamka natetemeka kuliko mwanzo. Wengine wakasema mwanaume anajikaza. Nilijikaza mpaka nikaacha kula na wanangu.

Mshauri nasaha wa hospitali ndiye aliyenipa penseli. Alisema hataki picha nzuri, anataka mkono useme kilichokwama kifuani. Akanisimulia habari za Adrian Hill, mchoraji Mwingereza aliyelazwa kwa kifua kikuu, akawa anachora kitandani. Huyo ndiye aliyeipa tiba hii jina la tiba ya sanaa, mwaka 1942. Nikaona basi, kama wagonjwa wa mapafu walichora, na mimi nijaribu.

Nyumbani mke wangu akasema, "Baba Rehema, chora vitu vya kufurahisha." Nikanunua daftari na penseli za rangi za watoto, nikachora minazi, bahari, jua linazama. Siku tisa. Kila mnazi nikiumaliza, kifua kinabana zaidi. Siku ya kumi nikalichana daftari lote. Nilikuwa nafunika kidonda kwa kanga, na chini yake kinaoza. Anayekwambia uchore maua ili usahau, msikilize kwa adabu, kisha usimfuate.

Kilichonifungua ni kupita kwa wachoraji wa Tingatinga kule Oysterbay, Dar es Salaam. Edward Saidi Tingatinga, mwenye mtindo huo wa uchoraji, alianza mwaka 1968 na rangi za baiskeli juu ya hadibodi. Rangi zile nazijua! Nimezipaka kwenye bodi za malori miaka mingi. Nikanunua makopo madogo sita, elfu thelathini na kitu hivi, seremala wa mtaani akanikatia vipande vya hadibodi bure.

Rangi ya mafuta haina haraka, na hapo ndipo dawa ilipo. Unapaka usuli, yaani rangi ya nyuma ya picha, leo, unasubiri mpaka kesho, kesho kutwa kama kuna unyevu. Ukiwahi, brashi inachota rangi ya chini na kila kitu kinakuwa tope. Mimi niliyekuwa nahesabu dakika za usiku nikawa nasubiri kitu kikauke. Usiku nikishtuka nakaa barazani (ndani harufu inaumiza kichwa), nachovya njiti ya kiberiti, naweka kokoto za barabara nukta moja moja, kila nukta pumzi moja. Nikifika mia mbili, mkono umetulia. Brashi osha kwa petroli, mbali na jiko; maji hayatoi kitu.

Mbao tatu za kwanza zilikuwa kona za Kitonga tupu, bila gari. Kwenye ya nne nikachora lori. Mlango wa kushoto, upande wa utingo, mkono ulikataa. Nikaiacha nafasi ile nyeusi wiki tatu, naipita asubuhi na jioni. Mshauri hakunisukuma, aliniuliza tu shati la utingo lilikuwa rangi gani. Kijani, nikamwambia, lenye kola iliyochakaa. Usiku ule nikalipaka. Kabla halijakauka nilikuwa nimemwamsha mke wangu, nikamweleza yote, kuanzia upepo wa breki mpaka polisi walipofika. Tukalia mpaka adhana ya alfajiri. Nikalala hadi saa nne.

Ubao huo niliupeleka Makambako kwa mama yake utingo. Aliupakata muda mrefu, kidole kikifuata ile kola.

"Dirisha umeliacha wazi, mwanangu?"

"Ndiyo, mama. Hakuwahi kulifunga."