Nilivyowatafutia vijana wa kijiweni kibarua cha likizo Mwaloni

Kila Novemba, mtihani wa kidato cha nne ukiisha, kijiwe cha jirani na kwetu Igogo hufurika. Matokeo ni mpaka Januari, kidato cha tano mpaka Julai, na wengine shule walishaiacha siku nyingi. Mimi nauza dagaa Mwaloni Kirumba, soko la samaki hapa Mwanza. Nilipochoka kusikia fulani kakamatwa na simu ya watu, nikaamua kuwatafutia kibarua. Semina walishahudhuria, wanazikumbuka kwa soda.

Vijana walijitokeza wengi kuliko nafasi. Kibarua kigumu kilikuwa kuwashawishi waajiri.

“Huyu si ndiye aliyeniibia ndoo?” mama mmoja mwanika dagaa aliniuliza.

“Ndiye, mama. Akikuibia tena, nidai mimi.”

Nikawa mdhamini wa kila mmoja. Na kila mwajiri nilimpa kijana mmoja tu, maana ukiwaweka marafiki wanne pamoja umehamisha kijiwe.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamruhusu mtoto wa miaka 14 na kuendelea kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumharibia masomo. Kwa hiyo wa chini ya miaka 18 hawakukanyaga mtumbwi, hata waliponinunia. Walichambua dagaa, wakawageuza kwenye chanja, wakafunga magunia. Mmoja alidai hiyo ni kazi ya akina mama. Nikampeleka kwa wanunuzi akasikie mwenyewe: dagaa wa kwenye chanja ana bei yake, wa kuanikwa chini ana mchanga na wengi huishia chakula cha kuku. Kesho yake aliwahi kuliko mimi.

Kilichotaka kutukwamisha ni mbalamwezi. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika na mwalo unapoa. Kijana mwenye hela mfukoni na hana kazi ni hatari kuliko asiye na hela. Siku hizo niliwaombea kwa mafundi mitumbwi na wachomelea vyuma.

Malipo yalikuwa kila Jumamosi, mkononi mwa aliyefanya kazi. Baba mmoja alitaka apokee yeye kwa niaba ya mwanawe. Nilikataa, na mpaka leo salamu zake ni za kulazimisha.

Wajumbe wenzangu wa mtaa waliuliza: likizo ikiisha, si watarudi kulekule? Nikawasimulia ya Chicago. Mwaka 2012 vijana wa shule za maeneo yenye fujo walipata kazi kwa kura, wiki 8, saa 25 kwa wiki, wakiwa na mtu mzima wa kuwaongoza. Utafiti uliochapishwa 2014 ulionyesha kwamba ndani ya miezi 16 kukamatwa kwao kwa makosa ya ukatili kulikuwa chini kwa asilimia 43 kuliko kwa waliokosa kura, na sehemu kubwa ya nafuu hiyo ilikuja baada ya kazi kwisha. Kwenye wizi haikuonekana tofauti ya maana, kwa hiyo hilo sikuwaahidi.

Waliotimiza miaka 18 sasa wanasajili kikundi. Wanaulizia mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya vijana kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya vikundi, ili wajenge chanja zao. Wananitaka niwe katibu. Nimewaambia wachaguane wao kwa wao, mimi nitawauzia magunia.