Siku yangu moja kwenye duka la tairi Ilala: nyota, namba na ubishi

Saa 11 na robo alfajiri niko kituoni Gongo la Mboto nagombea daladala ya Kariakoo. Kazi yangu ni kuuza tairi. Duka si langu, ni la mama mmoja ambaye wote tunamwita Mama tu, na liko Ilala, jirani na maduka ya spea ya Shauri Moyo. Mimi niko kaunta. Nje kuna mafundi wawili, mmoja wa mashine ya kuvua na kuvisha, mwingine wa balansi, yaani kusawazisha uzito wa gurudumu. Huu ni mwaka wangu wa nane.

Saa 1:30 asubuhi

Tunatoa tairi nje na kuzipanga. Jana umeingia mzigo mpya, kwa hiyo kabla ya chai nasoma tarehe. Ubavuni kuna herufi DOT, na mwisho wa mstari wake kuna tarakimu 4: 3524 ni wiki ya 35 ya mwaka 2024. Mara nyingi tarakimu hizo ziko upande mmoja tu wa tairi. Ndiyo maana ukiinunua ikiwa tayari kwenye rimu unaweza kuambiwa "hii haina tarehe", kumbe tarehe imetazama chini ya gari.

Saa 3:00

Dada mmoja kaleta IST aliyoitoa bandarini wiki iliyopita. "Kaka, tairi bado mpya kabisa, nifanyie balansi tu."

Kashata, yaani meno ya tairi, kweli zimejaa. Lakini nilipopitisha kidole juu yake nikakuta mistari myembamba kila mahali, kama imechanjwa kwa wembe. Ubavuni imeandikwa STUDLESS.

"Dada, hizi ni za theluji."

Akacheka akidhani namtania. Magari mengi ya Japani yanashuka hapa yakiwa na tairi za majira ya baridi. Mpira wake umetengenezwa laini makusudi, usikakamae kwenye barafu. Sasa uweke huo mpira kwenye lami ya Dar saa saba mchana: unalika kama sabuni, na gari linakuwa zito kulielekeza, linayumba kidogo kwenye kona. Sikumlazimisha kununua. Nilimwambia asubiri mshahara ila asisubiri masika. Fundi akamfanyia balansi, akaondoka.

Saa 4:20

Huyu ndiye aliyekula nusu ya siku yangu. Kijana wa ofisini, shati limechomekwa, BMW 320i ya umbo la E90, nyeusi, imeng'arishwa mpaka unajiona.

"Habari za kazi, kaka. Nataka tairi zenye nyota."

Alikuwa amesoma. BMW huweka alama ya nyota ubavuni mwa tairi walizozipitisha, Mercedes huweka MO, Audi AO, Porsche N0, N1 na kuendelea. Maana yake watengenezaji wa gari na wa tairi walikaa pamoja, wakarekebisha mpira na nyuzi za ndani mpaka gari likashika barabara walivyotaka. Tairi ya jina lilelile na saizi ileile isiyo na nyota inaweza kuwa tofauti kwa ndani. Kwa hiyo sikumkejeli, nyota si urembo.

Kisha akanionyesha picha kwenye simu. Kuna mahali kapata nne za mtumba, zote na nyota, kwa bei ya mpya mbili za kwetu. Nikaikuza picha. Nyota ipo. Tarakimu za mwisho: 1115. Wiki ya 11, mwaka 2015. Na pale mpira unapokutana na rimu kulikuwa na nyufa ndogondogo kama za kisigino kisichopakwa mafuta.

"Nyota waliiweka siku tairi inatoka kiwandani," nikamwambia. "Tangu hapo mpira umekuwa ukizeeka tu. Hizi hata bure usichukue."

Akanyamaza, akauliza sasa afuate nini. Nikamfungulia mlango wa dereva, nikamwonyesha kibandiko kwenye nguzo ya mlango: 205/55R16 91V. Hizo za mwanzo kila mtu anazijua, ni saizi. Wanaokosea hukosea kwenye 91V. 91 ni uzito, kilo 615 kwa kila tairi. V ni mwendo, mpaka kilomita 240 kwa saa.

"Nani anakimbia 240, na tochi zote hizi za Morogoro Road?"

Swali zuri, na huwa naulizwa kila siku. Herufi hiyo inaeleza pia jinsi tairi inavyohimili joto. Yeye wiki ijayo anakwenda Mbeya na mke, watoto watatu na mabegi. Mchana wa jua, gari limejaa, halafu mlima wa Kitonga. Unaweza kupanda kutoka V kwenda W, ila kushuka kuliko kibandiko kinavyosema mimi siuzi, hata Mama akinuna.

Na Mama alikuwa ananuna kweli. Tuna seti moja mpya yenye nyota iliyokaa rafu ya juu miezi mingi, ghali, na alinikata jicho nilipoanza kumweleza mteja upande wa pili. Zile za nyota ni ranflati, tairi zinazoweza kutembea hata bila upepo, kama alizokuja nazo. Ubavu wake ni mgumu, ndiyo sababu alikuwa analalamika kuwa gari linagonga kwenye mashimo kama toroli. Ikitoka upepo bado inakubeba kama kilomita 80, usizidishe mwendo wa 80. Huku mjini ni raha. Lakini pata pancha katikati ya Mikumi na Iringa, halafu ufike kwa fundi wa kijijini umwambie unataka ranflati ya saizi 16!

Tairi za kawaida nazo zina gharama yake. Gari lile halina tairi ya spea kwenye buti, lilitoka kiwandani hivyo kwa kutegemea ranflati. Ukivaa tairi za kawaida lazima uwe na spea yako na jeki. Tulihesabu kwenye kikokotoo mara tatu. Mwishowe akachukua nne za kawaida, zisizo na nyota, za kampuni inayojulikana, 91V, zote aina moja na za mwaka huu. Dogo akatumwa Shauri Moyo akarudi na rimu ya tundu 5 ya mtumba, tukaivisha ile nafuu kuliko zote katika alizovua. Iliingia kwenye buti ikala nafasi ya begi moja. Akasema begi hilo litakuwa la kwake, maana la mke halibaki.

Wakati wa kuvisha napenda kusimama karibu. Fundi anapaka povu la sabuni ukingoni, anazungusha tairi mpaka nukta ya njano ikae usawa wa valvu. Pale kwenye nukta ndipo tairi ilipo nyepesi, na valvu inaongeza uzito, kwa hiyo vyuma vya balansi vinapungua. Kisha upepo, na ule mlio wa *pa! pa!* ukingo ukikaa kwenye rimu. Mteja aliruka.

Saa 7:30 mchana

Wali maharage juu ya kreti, chini ya mwavuli. Ikapita Hiace, fundi akanitazama akacheka, kwa sababu anajua. Mwaka wangu wa kwanza niliuza tairi za gari dogo kwa mwenye Hiace ya abiria. Rimu ni 15, tairi ni 15, zikaingia vizuri, nikajisifu. Hiace inataka 195R15C, uzito 106, yaani kilo 950 kwa tairi moja. Mimi nilimpa za 91. Alirudi baada ya siku nne, ubavu mmoja umevimba kama jipu, na alichoniambia hakiandikiki. Mama alirudisha hela na kunikata kidogokidogo kwenye mshahara. Hiyo 91 naikumbuka hata usingizini.

Saa 9:10 alasiri

Mzee wa Noah, ana hela ya tairi mbili. "Mpya ziende mbele, ndiko kwenye injini na usukani."

"Shikamoo mzee. Naomba tuziweke nyuma."

Tukabishana nusu saa. Mbele ikiteleza kwenye maji unaisikia kwenye usukani na unapunguza mwendo. Nyuma ikiteleza, ukija kustuka gari limeshageuka kuangalia ulikotoka. Mzee alikubali kwa shingo upande, huku akimwambia fundi kwamba vijana wa siku hizi wanajua kila kitu.

Saa 12:00 jioni

Tairi ndani, kufuli, foleni ya Buguruni.

Saa 2:15 usiku

Nimeshanawa mikono kwa sabuni ya unga mara mbili na bado kucha ni nyeusi. Simu inaita, yule wa BMW.

"Kaka, taa ya tairi imewaka kwenye dashibodi. Ningechukua za nyota isingewaka, si ndiyo?"

Hili kosa ni langu, nilisahau kumwambia. Gari lile halina kipimo cha upepo ndani ya gurudumu, linahesabu mizunguko ya kila gurudumu na kulinganisha. Bado lilikuwa linakumbuka mizunguko ya tairi zilizolika. Nikamwambia kwanza apime upepo wote kituo cha mafuta, ulingane na kibandiko, kisha aingie kwenye menyu aanzishe upya, aendeshe taratibu bila kusimamasimama.

Nikaanza kula. Kabla sijamaliza akatuma picha ya dashibodi, taa imezimika, na chini yake ameandika: "Na begi la mke nalo halijaingia. Una rafu ya juu ya gari hapo dukani?"